Lita za kasha si kipimo cha ubaridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie makala ya ukurasa wa teknolojia iliyohusu makasha ya kompyuta ndogo za mezani. Mwandishi aliyapanga makasha kwa lita, kutoka dogo hadi kubwa, halafu akashauri kwamba mwenye vifaa vikali achukue lenye lita nyingi na mwenye vifaa vya wastani ajibane kwenye dogo. Ushauri huo una sura ya busara, kwa hiyo wengi wataufuata. Mimi ni fundi mstaafu wa viyoyozi. Tangu nilipoacha kupanda kwenye dari za watu, mikono yangu imehamia kwenye kuunda kompyuta ndogo za ndugu na jamaa, na wanaoniletea mashine inayovuma hadi haivumiliki karibu wote walianza na swali la lita.

Lita zinaeleza nafasi ambayo kasha litachukua juu ya meza. Hazielezi ni hewa kiasi gani itapita ndani yake, wala itapitia wapi.

Nichukue mashine ninayoijua vizuri, ya binti yangu ambaye kazi yake ni kuhariri video. Prosesa ni Ryzen 9 7900, ambayo kwenye boksi imeandikwa wati 65. Namba hiyo ina ujanja wake, maana watengenezaji wake, AMD, wanairuhusu ivute hadi wati 88 kwenye soketi, pale inapochomekwa. Kadi ya grafiki ni RTX 4070, wati 200. Ukijumlisha diski, kumbukumbu na kinachopotea ndani ya pawasaplai, kile kifaa kinacholisha mashine umeme, unavuka wati 300 kazi ikikolea, na zote zinaishia kuwa joto. Joto hilo halina mlango mwingine isipokuwa hewa inayotoka.

Sasa hesabu, nayo ni ile ile tuliyokuwa tukiifanya kwa mabomba ya hewa ya majengo. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.2, na kupasha kilo moja ya hewa nyuzi moja kunahitaji kama jouli 1,000. Ukitaka hewa itoke ikiwa imezidi ile iliyoingia kwa nyuzi 10 tu, wati 300 zinadai lita 25 za hewa kila sekunde. Kwenye kasha la lita 10, hiyo ni kubadilisha ujazo wote mara mbili na nusu kwa sekunde. Kwenye kasha la lita 20, ni mara moja na robo. Lakini hewa inayotakiwa ni lita 25 zile zile, kasha liwe dogo au kubwa. Ukiongeza lita bila kuongeza matundu wala feni, umenunua hewa ya akiba isiyotosha hata sekunde mbili. Kasha ni korido, si ghala.

Ndiyo maana kasha la lita 18 lenye kioo mbele na kioo ubavuni linaweza kushindwa na la lita 10 ambalo kuta zake zote ni chuma chenye matundu. Binti yangu alitaka kioo. “Baba, kioo kinaonyesha kazi uliyoifanya ndani.” Nilimwambia kazi niliyoifanya ndani ni kuhakikisha hewa inaingia, na kioo kitaifuta. Tukaelewana kioo kikae upande ambao hauna feni inayovuta. Upande huo haukupatikana, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Kompyuta nyingi za aina hii hutumia ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote, wa kipimo cha Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, kilichobuniwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Ubao huo una nafasi moja tu ya kadi. Basi swali kubwa la mpangilio ni hili: kadi ya grafiki ikae wapi ukilinganisha na ubao? Majibu yanayopatikana madukani ni matatu hivi.

La kwanza ni la zamani, kadi inachomekwa moja kwa moja kwenye ubao na inaning’inia chini yake kama kwenye kasha kubwa. Feni za kadi zinatazama chini, kwa hiyo kila kitu kinategemea sakafu ya kasha. Ikiwa sakafu ina matundu na miguu imeliinua kasha sentimita mbili au zaidi, kadi inavuta hewa safi na juu unaweka feni mbili za kutoa. Miguu ikiwa mifupi, kadi inanyonya meza. Nimeona watu wakinunua kipozaji cha gharama kwa tatizo ambalo lingetibiwa na vipande vinne vya mpira chini ya kasha. Faida ya mpangilio huu ni kwamba prosesa inapata kipozaji kirefu, na kebo ya raiza, ile ya kuunganisha kadi na ubao vikiwa mbalimbali, haihitajiki kabisa.

La pili ni sandwichi. Ubao na kadi vinakaa migongo ikitazamana, kati yao kuna ukuta mwembamba wa chuma, na vimeunganishwa kwa kebo bapa ya raiza. Hili ndilo nililolichagua kwa mashine ya binti yangu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu moja ya kifundi: kila chanzo cha joto kina dirisha lake. Feni ya prosesa inavuta kupitia paneli ya kushoto, feni za kadi zinavuta kupitia paneli ya kulia, na moto wa wote wawili unapanda kutokea juu. Hakuna anayevuta jasho la mwenzake. Kwenye viyoyozi tulikuwa tunagombana na wakandarasi kwa jambo hilo hilo, mashine mbili za nje kuwekwa moja ikipulizia uso wa nyingine. Ila sandwichi haikuachii ubavu wa kuweka kioo, kwa kuwa pande zote mbili zina feni zinazovuta, na hapo ndipo ombi la binti yangu lilipofia.

La tatu, kadi na ubao kulazwa kwa mstari mmoja kama kwenye mashine za michezo za sebuleni, silipingi. Linafaa kwa anayetaka kitu chembamba chini ya televisheni. Linakula upana wa meza, na hapo sina la kuongeza.

Nirudi kwenye sandwichi, maana ina mitego yake na makala yenu haikuigusa. Wa kwanza ni urefu wa kipozaji cha prosesa. Makasha ya aina hii hukuachia milimita arobaini na kitu hadi sabini hivi kutoka prosesa hadi paneli. Ndani ya kipimo hicho kuna vipozaji kama NH-L9 ya Noctua yenye kimo cha milimita 37, AXP90-X47 ya Thermalright yenye 47, na NH-L12S ya Noctua yenye 70. Mnunuzi mwoga huchukua kifupi ili “kiingie bila shida”. Kinaingia, naam, halafu kati ya feni yake na paneli panabaki pengo la milimita thelathini. Feni haijui kutofautisha hewa ya nje na ya ndani. Inavuta iliyo karibu. Hewa iliyokwisha pita kwenye mapezi ya kipozaji na kupata joto inazunguka pembeni, inarudi kwenye pengo na kunyonywa tena. Ukipima utaona prosesa inapanda huku paneli ya nje iko baridi tu, na hiyo ndiyo dalili.

Dawa ni mbili. Chukua kipozaji kirefu kadiri kasha linavyoruhusu, ukiacha milimita chache tu kabla ya paneli, au ziba pengo kwa pete ya sponji kati ya feni na paneli ili feni ilazimike kuvuta nje. Milimita hizo chache msizidharau pia. Feni ikibanana kabisa na paneli ya matundu, hewa inakatwakatwa mlangoni na unapata mluzi ambao hauondoki kwa kupunguza kasi kidogo. Sponji ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote kwenye ufundi huu, na sijaona tangazo lake hata moja.

Mtego wa pili ni diski ya M.2, ile bapa inayochomekwa kwenye ubao wenyewe, ikiwa nyuma ya ubao. Mbao nyingi za Mini-ITX zinabeba moja mbele na moja mgongoni kwa uhaba wa nafasi. Kwenye sandwichi mgongo huo unatazama ukuta wa kati, na ng’ambo ya ukuta ni mgongo wa kadi ya grafiki. Hakuna upepo hapo. Diski ya kasi ikipata moto inajipunguza yenyewe, na mhariri wa video anaona faili linakwama kunakiliwa bila kujua kwa nini. Mimi huweka diski ya kazi mbele, chini ya upepo wa kipozaji, na ile ya nyuma naiachia kumbukumbu za kuhifadhi tu.

Wa tatu ni raiza yenyewe. Kebo iliyotengenezwa kwa PCIe, njia ya data kati ya kadi na ubao, ya kizazi cha 3, ukiifunga kati ya kadi na ubao wa kizazi cha 4, inaweza kukuachia skrini nyeusi au mashine inayokata katikati ya kazi, hadi uingie kwenye bayosi, programu ya msingi ya ubao, uilazimishe ifanye kazi kwa kizazi cha 3. Na raiza ni kipande cha umeme, si waya wa kupitisha picha tu. Mwaka 2021 kampuni ya NZXT iliyaita yarudishwe makasha yake ya H1 kwa sababu skrubu zilizofunga raiza kwenye kasha zingeweza kusababisha shoti na moto. Kasha lenyewe lilikuwa na njia nzuri ya hewa. Fundi anayekuundia akague na skrubu.

Sasa upozaji wa maji. Kila ninapotaja mashine ndogo, mtu ananiambia “weka ya maji, utalala usingizi”. Maji hayaondoi joto, yanalihamisha. Kazi ya kulitoa bado ni ya feni na rejeta, ile yenye mapezi ambamo maji hupozwa, na rejeta ya milimita 240 yenye unene wa milimita 27 pamoja na feni za kawaida za milimita 25 inakula milimita 52 za kimo na zaidi ya sentimita 27 za urefu ndani ya kasha ambalo ulilinunua kwa sababu ni dogo. Ukiifanya ivute hewa ya nje kuingiza ndani, prosesa inafurahi na kadi inapokea hewa iliyokwisha pashwa. Ukiifanya itoe, inapokea moto wa kadi. Kwenye kasha kubwa tofauti hiyo inamezwa. Kwenye dogo unaisoma kwenye kipimo. Kwa mtu mwenye kadi inayotoa wati 200 na prosesa ya wati 88, naona maji ni kujitafutia pampu ya kuharibika. Kipozaji cha hewa kikichoka unabadilisha feni kwa skrubu nne.

Kuna mahali maji yana haki. Mwenye prosesa kama Core i9-13900K, ambayo Intel inairuhusu kufika wati 253, hataipoza kwa kipozaji cha hewa cha milimita 47; hapo rejeta juu ya kasha, ikitoa, ni jibu la kweli. Aangalie mambo mawili. Sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu, kwa kuwa viputo vya hewa hupanda, na vikikusanyika kwenye pampu itaguruma na kufa mapema. Pia akumbuke kwamba kipozaji cha hewa kinachopuliza chini kilikuwa kinapoza na vifaa vya umeme vilivyozunguka soketi. Maji yakija, upepo huo umeondoka, na lazima utafutiwe mbadala. Ila mimi ningemuuliza kwanza kwa nini anaitaka prosesa hiyo ndani ya kasha hilo.

Swali hilo ndilo makala ingeanza nalo: wati ngapi? Wati zinapunguzika kuliko watu wanavyodhani. Nguvu inayoliwa na prosesa hupanda na kasi, na hupanda na mraba wa volteji, na ile asilimia ya mwisho ya kasi ndiyo inayodai volteji kubwa. Ukiirudisha chini kidogo, joto linashuka sana na kazi inachelewa kidogo tu. Kwa prosesa za AMD za juu kuna mpangilio wa Eco kwenye bayosi unaozishusha hadi wati 88 zile zile za 7900. Kwa kadi kuna programu za kupunguza kikomo cha nguvu. Binti yangu alikataa mwanzoni, akisema amelipia nguvu yote na anaitaka yote. Tukapanga atoe video moja kwa mpangilio wa kiwandani na nyingine kwa mpangilio wangu bila mimi kumwambia ipi ni ipi. Alizitofautisha kwa kelele, si kwa muda.

Kelele nayo ina hesabu yake, na inaumiza: ukizidisha kasi ya feni mara mbili, sauti huongezeka kwa kama desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio la binadamu huziona kama sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo feni ya milimita 120 inayozunguka taratibu ni bora kuliko ya 92 inayokimbia, hata kama zote zinasukuma hewa sawa. Ndiyo maana kwenye pawasaplai nikiwa na nafasi natafuta ya kipimo cha SFX-L, yenye feni ya 120, badala ya SFX, kipimo cha kawaida cha makasha madogo, ambayo urefu wake ni milimita 100 na feni yake mara nyingi ni ya 92. Lakini SFX-L ni ndefu kwa milimita 30, na hizo milimita 30 za ziada mara nyingi ndizo njia ya nyaya. Nyaya zikijazana mbele ya feni, umefunga dirisha kwa mikono yako. Kwenye kasha la lita 10 naona nyaya fupi zina thamani kuliko feni kubwa.

Kwa upande wa kadi, mwaka 2024 Nvidia, watengenezaji wa RTX, ilitoa mwongozo wa kadi zinazofaa makasha madogo: urefu usizidi milimita 304, kimo milimita 151 pamoja na mkunjo wa waya, unene milimita 50. Kipimo cha kimo kuhesabu mkunjo wa waya ni jambo la maana sana. Plagi mpya za umeme za kadi kubwa hazipendi kukunjwa karibu na mdomo, na paneli inayosukuma waya ni hatari, kando ya kuwa haifungi.

Mwandishi wenu anaweza kusema mimi ni fundi wa hewa na naona hewa kila mahali. Basi atazame kompyuta ya Apple, Mac Pro ya mwaka 2013. Ilikuwa na umbo la duara, kimo milimita 251, kipenyo milimita 167. Ujazo haufiki lita 6. Ndani kulikuwa na kiini kimoja cha alumini chenye pande tatu, prosesa upande mmoja na kadi mbili za grafiki pande zilizobaki, na feni moja kubwa ikivuta kutoka chini kupeleka juu. Kwa njia ya hewa, sijaona kazi safi kuliko ile. Kilichoikwamisha ni mgawanyo wa joto, maana kiini kilipigiwa hesabu ya vyanzo vitatu vinavyokaribiana, huku dunia ikihamia kwenye kadi moja inayotoa moto peke yake. Aprili 2017 wakuu wa Apple walikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba walijibana wenyewe kwenye kona ya joto, na mwaka 2019 wakarudi kwenye kasha la mnara. Kwa orodha ya lita, mashine ile ingehukumiwa tangu siku ya kwanza kwa kosa ambalo haikulifanya.

Mhariri, nina ombi moja kuhusu majedwali yenu. Mmechapisha kwamba kasha fulani “lilifika nyuzi 83” na jingine “nyuzi 76” bila kutaja joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi moja, vifaa vinapanda karibu nyuzi moja. Nyuzi 83 kwenye chumba cha 32 ni ongezeko la 51. Nyuzi 76 kwenye chumba cha 20 ni ongezeko la 56, na hapo aliyeshindwa kwenye jedwali ndiye mshindi. Tena prosesa za Ryzen 7000 zenye wati nyingi zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, hivyo makasha mawili yanaweza kuonyesha 95 yote na moja likawa linafanya kazi kwa kasi ndogo zaidi. Chapisheni ongezeko juu ya joto la chumba, kasi ya prosesa, kasi ya feni, na muda ambao mashine iliachwa ikifanya kazi kabla ya kupima. Dakika 30 nzito zinatosha kwa kasha dogo. Safu ya lita ibaki, iende mwisho wa jedwali, karibu na rangi.

Msomaji wako,
Fundi mstaafu wa viyoyozi